Tippu Tip Hakuandika Mwaka 1966: Safari ya Rejeleo Moja

Utangulizi

Huenda nawe u miongoni mwa walimu ambao hufunga shule siku ya Ijumaa na kufikia Jumatatu wako darasani tena, ila safari hii wao ndio wanafunzi. Wengine hushuka katikati ya jiji la Nairobi na kupanda mlima mdogo wa University Way. Wengine huabiri matatu ya Waiyaki Way, wakapita Westlands, Kangemi na Uthiru hadi Kikuyu, ambako walimu wengi wa nchi hii wamesomea shahada ya elimu wakati wa likizo. Ikiwa umepitia njia hizo, basi unaijua sehemu ya tasnifu ambayo tunaiandika usiku wa mwisho, macho yakiwa mazito na mwenye duka la kuchapisha akipiga simu kuuliza kama bado tunakuja. Sehemu hiyo ni marejeleo.

Aghalabu tunayachukulia marejeleo kuwa kazi ya ukarani. Majina yapangwe kialfabeti, miaka itiwe katika mabano, nukta na mikato ikae mahali pake, basi. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba kila rejeleo lina historia yake, na kwamba asiyeijua historia hiyo anaweza kuandika rejeleo lisilo na kosa lolote la nukta, lakini likabomoa hoja nzima. Sitajadili marejeleo yote. Nitafuata moja tu, nililolikosea mimi mwenyewe.

Swali la pambizoni

Katika sura ya pili ya tasnifu yangu ya uzamili nilidai kwamba tawasifu ya Kiswahili iliyochapishwa ni zao la miaka ya mwisho ya ukoloni na ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa na ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa Maisha Yangu ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1949. Wa pili niliuandika hivi: Whiteley (1966). Hicho ni kitabu kiitwacho Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, kilichotolewa na East African Literature Bureau hapa Nairobi. Hoja yangu ilikuwa na mvuto: taifa linapozaliwa, mtu binafsi naye huanza kujisimulia. Nilijipongeza kimoyomoyo.

Msimamizi wangu hakuandika maoni marefu. Pambizoni, kando ya mwaka 1966, alitia swali moja kwa kalamu nyekundu: "Huyu mzee alifariki lini?"

Tippu Tip alifariki Unguja mwaka 1905.

Msomaji, nilijua kwamba alifariki zamani. Ni nani kati yetu asiyejua kwamba mfanyabiashara yule wa pembe na watumwa, aliyekutana na Stanley katika misitu ya Kongo, alikuwa mtu wa karne ya 19? Hata hivyo mikono yangu ilikuwa imeandika 1966 pasi na akili kushtuka. Sababu ni kwamba sikuwa nimekiona kitabu chenyewe. Rejeleo nililitoa katika tasnifu ya mwenzangu mmoja, naye, kama nilivyogundua baadaye, alilitoa katika tasnifu ya mwingine. Katika tasnifu zote mbili hapakuwa na nambari ya ukurasa hata mara moja. Hiyo ingetosha kunitahadharisha, lakini tulio na haraka hatutahadhariki.

Utetezi wangu uliahirishwa na sikuhitimu mwaka huo. Hilo ni langu na nimelimeza. Lililoniuma zaidi ni kwamba hoja ile ile nilikuwa nimeiingiza katika maandalizi yangu ya somo la tawasifu na wasifu, na katika semina moja ya walimu nilikuwa nimegawa nakala zake. Kuna wanafunzi wa Kidato cha Tatu ambao walifundishwa, na watu ambao siwajui, kwamba Waswahili walianza kujisimulia kwa maandishi karibu na wakati wa uhuru.

Matini ilikotoka

Ili kuelewa kosa lenyewe, hatuna budi kurudi Berlin. Mwaka 1887, miaka miwili baada ya Ujerumani kutangaza mamlaka yake katika sehemu ya bara la Afrika Mashariki, kulianzishwa mjini humo chuo cha lugha za mashariki kilichoitwa Seminar für Orientalische Sprachen. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwafundisha lugha maafisa, wafasiri na wafanyabiashara ambao wangetumwa ng'ambo, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Mwalimu hawezi kufundisha lugha bila matini. Wajerumani wakaanza kuzikusanya, na Waswahili wakaombwa waandike.

Hapa ndipo nathari yetu ya kujisimulia ilipopata chapa yake ya mapema. Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili katika chuo hicho, aliandika habari za maisha na safari zake, nazo zikaingia katika mkusanyiko wa C. G. Büttner wa mwaka 1894. Carl Velten alitoa Safari za Wasuaheli mwaka 1901 na Desturi za Wasuaheli mwaka 1903. Nao Heinrich Brode, mwanadiplomasia wa Kijerumani aliyemfahamu Tippu Tip kule Unguja, alimshawishi mzee huyo aandike maisha yake. Mzee akaandika kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Brode akayageuza maandishi hayo kuwa ya hati za Kirumi, akayatafsiri kwa Kijerumani, na yote mawili yakachapishwa katika jarida la chuo kile cha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwenye maisha alikuwa bado hai.

Linganisha sasa miaka hii na hoja yangu. Nilisema tawasifu ilizaliwa karibu na uhuru, ilhali ilikuwa imekwisha kuchapwa nusu karne kabla ya Maisha Yangu. Zaidi ya hayo, haikuzaliwa kwa sababu taifa lilikuwa linazaliwa. Iliitishwa na watawala waliohitaji kitabu cha mazoezi. Hoja hiyo ni tofauti kabisa, na kwa maoni yangu inavutia kuliko ile ya kwanza, maana inatulazimisha kuuliza: Tippu Tip alikuwa anamwandikia nani? Aliposimulia vita na biashara zake kwa ukavu ule, bila kujitetea wala kujuta, alimwona msomaji gani mbele yake? Swali hilo haliwezi kuulizwa na mtu anayedhani kwamba msomaji wa kwanza alikuwa mwananchi wa Nairobi mwaka 1966.

Jarida lililohama miji

Je, matini ya Berlin ilifikaje Nairobi? Ilipitia jarida, na jarida hilo ni la kwetu. Kila mwalimu wa Kiswahili amelitaja pengine mara kadhaa bila kujua kwamba ni lile lile.

Mwaka 1928 ulifanyika mkutano mjini Mombasa ambamo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya maeneo manne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kazi yake ilikuwa kusanifisha tahajia na msamiati, kuidhinisha vitabu vya shule na kutayarisha kamusi. Kamati ilianza na makao Dar es Salaam. Mwaka 1942 ikahamia Nairobi, ikakaa miaka kumi. Mwaka 1952 ikahamia Makerere, Kampala. Mapema miaka ya 1960 ikateremka Mombasa, kisha mwaka 1964 ikarudi Dar es Salaam na kuwa chuo cha uchunguzi chini ya Chuo Kikuu, ambacho sisi tulikuja kukijua kwa jina la TUKI. Tangu mwaka 2009 TUKI nayo imo ndani ya TATAKI.

Jarida la Kamati lilihama nayo, na lilibadilisha jina mara kwa mara kama mtu anayekimbia wadeni. Lilianza likiitwa Bulletin. Katika miaka ya 1950, huko Makerere, likaitwa Journal ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka hiyo likawa Swahili. Mwaka 1970 likawa Kiswahili, jina ambalo linalo hadi leo. Jambo la kuzingatia ni kwamba nambari za juzuu hazikuanza upya jina lilipobadilika. Ziliendelea mbele. Ndiyo maana mtafiti anaweza kukuta rejeleo la Swahili, akaenda rafuni kutafuta juzuu ya 1, asiipate kamwe. Juzuu ya 1 ya jina hilo haikuwahi kuwapo.

Kipindi cha Makerere ndicho kilichokuwa na neema kubwa kwetu sisi wa fasihi. W. H. Whiteley, J. W. T. Allen, H. E. Lambert na wenzao walihariri tendi, wakachunguza lahaja za pwani na kufasiri matini ndefu. Kwa kuwa matini hizo hazikuenea ndani ya jarida, zilitolewa kama nyongeza. Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, ambao Whiteley aliufasiri kwa Kiingereza, ulitoka mwaka 1957 ukiwa nyongeza. Maisha ya Tippu Tip nayo yalitoka hivyo hivyo: sehemu moja pamoja na nambari 28/2 ya Julai 1958, na nyingine pamoja na nambari 29/1 ya Januari 1959. Tazama tarehe hizo vizuri. Nyongeza hii iliangukia pale pale kwenye mpaka wa majina, jarida likiwa linavua vazi moja na kuvaa jingine.

Kisha ikaja East African Literature Bureau. Shirika hilo liliundwa mwaka 1948, makao yake yakiwa Nairobi, ili kuwapatia Waafrika wa Afrika Mashariki vitabu vya kusoma. Ndilo lililoichukua kazi ya Whiteley na kuitoa upya kama kitabu mwaka 1966. Kitabu kikapigwa chapa tena na tena. Nimewahi kuona kikirejelewa kwa mwaka 1966, kwa 1971 na kwa 1974, na kila anayekitaja hukitaja kama kwamba mwaka wake ndio mwaka wa kuzaliwa. Shirika lenyewe liligawika Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na hapa kwetu likawa Kenya Literature Bureau.

Kuzunguka Nairobi

Msimamizi hakuniambia jibu. Alisema tu, "Nenda ukakishike kwa mkono." Basi likizo ya Desemba nikaianza kwa miguu.

Nilianzia Makavazi ya Taifa, Moi Avenue, katika jengo kuukuu lililokuwa la benki. Nilikuwa nimeshauriwa vibaya. Makavazi huhifadhi hasa majalada ya serikali: barua, ripoti za maafisa wa wilaya, kumbukumbu za vikao. Mtu anayetafiti jinsi lugha ilivyofundishwa shuleni wakati wa ukoloni atashinda humo mwezi mzima kwa furaha. Mimi nilikuwa natafuta kitu kilichopigwa chapa, na kitu kilichopigwa chapa kwanza hutafutwa maktabani. Tofauti hiyo ni ndogo kuieleza lakini ilinigharimu siku mbili, na sikumbuki kuifundishwa popote.

Kutoka hapo nilivuka hadi Maktaba ya McMillan, Banda Street, kando ya Msikiti wa Jamia. Jengo hilo lenye nguzo nene lilifunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa mlowezi tajiri, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mwaka 1962 Halmashauri ya Jiji ililichukua na kulifungulia umma. Nilipokuwa nikipanda ngazi zake nilifikiri kwamba wakati Kamati ilipokuwa na makao yake Nairobi, kati ya 1942 na 1952, mwalimu mweusi wa Kiswahili hangeweza kupanda ngazi hizo kutafuta jarida linalohusu lugha yake. Tunapowalaumu wazee wetu kwamba hawakunukuu vyanzo vyao, tukumbuke pia milango iliyokuwa imefungwa.

Katika maktaba ya chuo nilikipata kitabu, baada ya kutafuta chini ya W, kisha T, kisha H, kisha M. Nilipokishika, kurasa za mwanzo tu zilitosha kunionyesha kwamba hapakuwa na kazi mpya ya mwaka 1966. Nyongeza yenyewe ya 1958 nilikuja kuiona katika maktaba moja ndogo ya utafiti upande wa magharibi wa jiji, mtaa ambao matatu haziuingii na inakubidi utembee chini ya mijakaranda. Mkutubi alikuwa mama wa makamo. Nilimwomba jarida la Swahili la mwaka 1958.

"Mwalimu," akasema, "mwaka huo lilikuwa halijaitwa Swahili. Kaa, nikuletee."

Akaleta juzuu zilizojalidiwa pamoja. Mgongoni pameandikwa jina moja, ndani mna majina mawili. Nyongeza zilikuwa zimejalidiwa kando, katika jalada jingine, na kama si kumbukumbu ya mama huyo ningeondoka nikidhani hazipo. Nilikaa hapo hadi jioni nikisoma Kiswahili cha Tippu Tip, na kando yake Kiingereza cha Whiteley. Katika miaka yangu yote ya kufundisha tawasifu, hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoisoma tawasifu hiyo.

Je, tuandikeje mwaka?

Sasa, msomaji, tuje kwenye ukarani wenyewe, maana nao una mambo yake. Matini hii ina miaka mitatu: 1902–03, 1958–59 na 1966. Ina watu watatu: aliyeisimulia, aliyeitoa kwanza na aliyeihariri tena na kuifasiri. Mfumo wa APA, ambao vyuo vyetu vingi huupenda, unataka mwandishi mbele na mwaka katika mabano. Nani awekwe mbele?

Maoni yangu ni kwamba awekwe mwenye maisha. Kuandika "Whiteley (1966)" ni kumfanya mhariri kuwa mwandishi na kumfanya mwandishi kuwa mhusika. Niliandika hatimaye: Tippu Tip ([1902–03] 1966), kisha nikaeleza katika maelezo ya kazi kwamba mhariri na mfasiri ni Whiteley, na kwamba matini ilitoka kwanza Berlin kwa juhudi za Brode. Mabano ya mraba yana kazi kubwa hapo. Humwambia msomaji kwamba mwaka wa kwanza ni wa maneno na wa pili ni wa kitabu nilichokishika. Kuhusu toleo la Berlin lenyewe, ambalo wakati ule nilikuwa sijaliona, niliandika "Brode (1902–03), kama anavyotajwa na" yule niliyemsoma. Kukiri hivyo si aibu. Aibu ni kujifanya umesoma Kijerumani.

Suala la majina nalo lisichukuliwe kijuujuu. Mifumo hii ilibuniwa kwa watu wenye majina ya ukoo. Hamed bin Muhammed maana yake ni Hamed mwana wa Muhammed, na kumwandika "Muhammed, H." ni kumtaja baba yake. Muyaka bin Haji akiandikwa "Haji, M." hakuna mpenzi wa ushairi atakayemtambua. Shaaban Robert huandikwa "Robert, S.", na wanafunzi wangu wamewahi kuniuliza Robert ni nani. Kisha tuna Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano, na Mohamed Suleiman Mohamed, mwandishi wa Kiu na Nyota ya Rehema. Wote wawili huwa "Mohamed" katika matini, na herufi za mwanzo zikiachwa, riwaya ya mmoja hupewa mwingine. Nimesahihisha insha ya mwanafunzi wa chuo ambamo Utengano ilikuwa imebadilisha mwenyewe mara mbili katika ukurasa mmoja. Ushauri wangu ni kwamba jina la mwandishi Mswahili wa jadi liandikwe kama lilivyo katika jalada la kazi yake. Wahariri wa majarida wakikataa, basi herufi za mwanzo zisiachwe kamwe, hata ndani ya matini.

Kuna majarida mengine yenye mtego kama ule wa Kamati. Swahili Forum lilianza mwaka 1994 huko Köln, Ujerumani, likiwa ndani ya mfululizo wa AAP. Kwa hivyo toleo la sita la Swahili Forum, la mwaka 1999, ndilo AAP 60. Makala moja hurejelewa kwa njia mbili, na mtafiti asiyejua hilo huzihesabu kuwa makala mbili. Nimewahi kuona tasnifu iliyozipanga zote mbili, moja chini ya nyingine.

Wakati wa mtandao

Baadhi yenu mtasema kwamba haya ni mambo ya kale, kwani siku hizi mtu hutafuta akiwa kitandani. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na ni jambo la kushukuru. Mradi wa African Journals Online ulianza mwaka 1998 nchini Uingereza, na mwaka 2005 usimamizi wake ukahamia Afrika Kusini. Google Scholar ilianza Novemba 2004. Maktaba za vyuo vya Kenya ziliunda muungano wao, KLISC, mwaka 2003 ili zinunue majarida ya kielektroniki kwa pamoja, na kebo za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009 kufungua makala kukaacha kuwa kazi ya kutwa. Swahili Forum linasomwa bure. Hata majarida ya zamani ya Berlin, ambayo mimi niliyataja kwa mdomo wa mwingine, nakala zake za kidijitali zinapatikana sasa, na nimeuona kwa macho yangu ukurasa wa Brode. Mwalimu wa Kangemi mwenye simu anaufikia kuliko nilivyoweza mimi kuifikia ile nyongeza ya 1958.

Hata hivyo, mtambo wa kutafuta huhesabu mara ambazo kitu kimetajwa. Haujui kama waliokitaja walikisoma. Tulio watatu tulionakili "1966" kutoka kwa kila mmoja tunahesabiwa kuwa mashahidi watatu, ilhali ni shahidi mmoja aliyesema mara tatu. Na juzuu za miaka ya 1950 za jarida letu wenyewe sikuzipata katika mitandao niliyoipekua. Zimo katika majalada, chini ya mijakaranda, na katika kumbukumbu za wakutubi wanaokaribia kustaafu.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 kumeingia jambo jingine. Mwanafunzi huuliza programu ya akili unde, nayo humpa marejeleo kumi yaliyopangwa vizuri kuliko yetu, jina, mwaka, juzuu, ukurasa, mengine ya kweli na mengine ya kubuniwa tu. Mwaka 2023 mawakili wawili na kampuni yao huko New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi za namna hiyo ambazo hazikuwahi kuwapo. Sisi walimu tulicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwani nilikuwa nimefanya yanayokaribia hayo bila mashine yoyote.

Namna ya kuyapima ni ile ile ya msimamizi wangu. Siku hizi, mwanafunzi wangu au mwenzangu anaponiletea rejeleo la makala, simwulizi kama amelipanga kwa APA. Namwuliza ukurasa wa kwanza wa makala ni upi na sentensi yake ya kwanza inasema nini. Asiyeweza kujibu hajaishika. Kisha namwuliza jarida lilikuwa likiitwa nani mwaka huo, na lilikuwa likitolewa mji gani. Hili la pili wengi hulishindwa, nami siwakaripii. Nawasimulia habari za Kamati, Dar es Salaam hadi Nairobi, Nairobi hadi Kampala, Kampala hadi Mombasa, na kurudi.

Tasnifu yangu iliyosahihishwa ilipita. Sura ya pili inaanza sasa na Berlin, na swali la msomaji aliyekusudiwa na Tippu Tip ndilo lililoibeba. Maandalizi ya somo nimeyaandika upya. Ila zile nakala nilizogawa semina, zenye 1966, bado zinazunguka. Mwaka jana mwalimu mmoja kijana tuliyekutana naye katika usahihishaji alinionyesha moja, imekunjwa na kupauka, jina langu limekatika juu, akaniambia ni maelezo mazuri sana na kama ningependa anitolee nakala. Nilimwomba kalamu.